Deni la Marehemu Lidaiwe kwenye Mirathi, Si kwa Mjane

Kwa:
Gavana, Benki Kuu ya Tanzania
Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA)
Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria

YAH: MADAI YA MAREHEMU KUPELEKWA KWA WAFIWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa mirathi ya mdogo wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa mkoani Morogoro. Kikao cha ukoo kilinipendekeza, Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha na kunipa barua yenye muhuri. Tangu hapo majirani wananiletea bahasha zao kana kwamba nimesomea sheria. Sijaisomea. Nimefundisha hisabati hadi nikastaafu, na haya ninayowaandikia ni mambo ya hesabu kuliko ya huzuni.

Nianze kwa kuondoa shaka: familia yetu haikatai deni. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, msemaji wa familia alisimama akasema yale yasemwayo kila msibani, kwamba mwenye kumdai marehemu aje awaone wafiwa, na aliyekuwa akidaiwa na marehemu naye ajitokeze. (Kundi la pili, kama mnavyojua, huwa halina haraka.) Kwetu sisi Waislamu mpangilio haubishaniwi: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate chao. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linamwagiza msimamizi akusanye mali ya marehemu na fedha alizokuwa akiwadai watu, alipe madeni yake na gharama za usimamizi, halafu ndipo agawe kinachobaki.

Kwa hiyo deni lina mlipaji, naye ni mali aliyoiacha mwenye deni. Si mjane kwa faida ya genge lake, si mtoto aliyeko chuoni, wala si mimi kwa pensheni yangu. Mali ikiisha kabla ya madeni, wadai wanagawana kilichopo, na kilichopungua ndiyo hasara ya biashara ya kukopesha. Zipo njia mbili tu zinazoweza kuvuka mpaka huo: mtu aliyesaini udhamini kwa mkono wake, na mali iliyowekwa rehani kwa kufuata sheria, ambayo ikiwa ni nyumba ya ndoa ilipaswa kuwa na ridhaa ya mwenzi. Nje ya hapo, anayemwambia mjane "deni la mumeo sasa ni lako" anamdanganya.

Na anadanganywa kila siku, waheshimiwa. Wakati mwingine anadanganywa na watu mliowapa leseni.

Wadai wa marehemu mdogo wangu hawakufanana. Wa kwanza kuja walikuwa wanawake wa kikoba. Walikuja na daftari, wakatoa ubani, wakasubiri watu wapungue, ndipo wakatufungulia ukurasa wake: hisa zake hizi, mkopo wake huu, mfuko wa jamii unampa mfiwa kiasi hiki, ukitoa hiki kwa hiki familia inabakiwa na hiki. Fedha iliyobaki waliiweka mezani palepale. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye alileta karatasi yenye saini ya marehemu, na nikaiingiza kwenye orodha. Watu hawa hawana idara ya sheria, lakini hakuna aliyempigia simu wifi yangu.

Aliyempigia ni afisa mikopo wa benki. Sitaitaja benki, maana baada ya kusikiliza bahasha za majirani nimeona kwamba kuitaja moja ni kuzipendelea nyingine. Mdogo wangu alikuwa na mkopo wa watumishi, ule unaokatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Taarifa ya kifo ilipofika kwa mwajiri, mshahara ukasimama na makato yakasimama nao. Arobaini haijafika, simu zikaanza. Mama, rejesho limepita. Mama, faini inaongezeka. Mama, ni bora uanze kupunguza kidogo kidogo, tusifike mbali. Wifi yangu alikuwa eda, amekaa ndani, hajui sheria inasemaje, na anachokijua ni kwamba roho ya muumini inaning'inia kwa deni lake hadi lilipwe. Akaanza kupunguza. Fedha ya mtaji wa genge ikawa inakwenda benki kwa mkono wa mtoto.

Nilipokwenda tawini kuuliza deni limebaki kiasi gani, nikajibiwa kwamba taarifa za mteja ni siri, nirudi na barua ya mahakama. Sikubisha, kwa kuwa siri za mteja zinapaswa kulindwa. Lakini siri hiyo ilikuwa wapi mjane alipokuwa akipigiwa simu na kutajiwa rejesho hadi shilingi ya mwisho? Wakati wa kudaiwa yeye ni mhusika, wakati wa kuuliza si mhusika.

Barua ikapatikana, nikarudi. Nikapewa taarifa ya mkopo, kurasa kadhaa za Kiingereza, na karibu na mwanzo kabisa, siku ileile mkopo ulipotoka, nikaona mstari wenye makato ya bima. Nikamuuliza binti wa kaunta bima hiyo ni ya nini. Akanijibu bila kusita, "Hiyo ya kifo, mama. Kwani hamkuleta cheti?"

Hatukuleta kwa sababu hakuna aliyetuambia.

Kamishna wa Bima, hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi za wajane zinapopotelea. Ninyi mnaijua bima hii kuliko mimi, lakini wengi watakaosoma barua hii hawaijui. Mtu anapochukua mkopo wa mshahara, mara nyingi benki humkata bima ya mkopo hapohapo, kabla fedha haijaingia kwenye akaunti yake. Akifa, au akipata ulemavu wa kudumu wa kumzuia kufanya kazi, kampuni ya bima inailipa benki salio la mkopo. Bima yenyewe ni ya kikundi: mkataba mkuu uko kati ya benki na kampuni ya bima, wakopaji ni majina ndani ya orodha. Anayelipia ni mkopaji, anayelipwa ni benki, na karatasi anayo benki. Mkopaji mwenyewe akiwa hai hukumbuka tu kwamba aliomba milioni tano zikaingia pungufu. Akishakufa, mtu pekee aliyejua kwamba kuna makato ameondoka nayo.

Sasa piga hesabu kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la sita. Benki ina njia mbili za kulipwa. Ya kwanza ni kuandika madai kwa kampuni ya bima, kuambatanisha cheti cha kifo, kujibu maswali, kusubiri. Ya pili ni kumpigia simu mjane. Kwa vitabu vya benki matokeo ni yaleyale, lakini njia ya pili ina kazi ndogo, na tena haimsumbui mshirika wa biashara, maana benki nyingi leo ni mawakala wa bima na hupata kamisheni. Sisemi kwamba kuna mtu alikaa ofisini akapanga kumnyonya wifi yangu. Hakuhitajika mpangaji. Afisa mikopo ana lengo la marejesho la mwezi, na lengo hilo halimuulizi fedha imetoka mfuko gani.

Tena madai ya bima yana muda wake. Taarifa ikichelewa, kampuni ya bima inapata sababu ya kukataa. Basi familia ambayo haikuambiwa inachelewa kwa kutojua, madai yanakataliwa kwa kuchelewa, na benki inaigeukia mirathi: bima imegoma, lipeni. Jirani yangu mmoja yuko hapo sasa hivi. Mumewe alikatwa bima, alikufa akiwa hana rejesho hata moja alilochelewesha, na nyumba imebandikwa karatasi ya mnada.

Kwetu ilikwenda vizuri kidogo. Cheti cha kifo tulikuwa tumeshakipata RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, madai yakapelekwa, salio likafutwa. Kilichobaki ni fedha aliyoilipa wifi kwa mkono wa mtoto, kulipia deni ambalo lilikuwa limekwisha kulipiwa bima siku lilipozaliwa. Nimeandika barua ya kuomba irejeshwe. Naambiwa iko makao makuu.

Mheshimiwa Waziri, upande wako kuna jambo la tarehe. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinanipa miezi minne tangu niteuliwe niwe nimewasilisha Fomu Na. 5, yenye orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu. Baadaye kuna Fomu Na. 6 ya hesabu. Nikizembea naweza kuondolewa, na ni haki, maana wapo wasimamizi wanaokalia mali za yatima hadi yatima waoe. Lakini nionyesheni ni wapi anayedai amepewa muda wa kunijibu. Ninaandika barua ya kuomba salio la siku ya kifo, inakaa. Ninafuatilia, meneja yuko kikaoni. Mimi naapa mbele ya hakimu kwamba orodha ni kamili, huku mwenye tarakimu hajanipa tarakimu. Kwa mjane wa Kiislamu eda nayo ni miezi minne na siku kumi, yaani kipindi ambacho sheria inataka hesabu zikamilike ndicho ambacho mke, ambaye pengine ndiye ajuaye marehemu alimkopa nani, yuko ndani. Sikuombi uibadilishe eda. Naomba mdai naye awekewe saa ukutani.

Nije kwa Gavana. Yupo mdai wa nne ambaye simjui jina, namjua kwa sura na pikipiki. Walimu wanawajua watu hawa vizuri: unamwachia kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia anatoa chake, anakuachia kilichobaki. Mtaani mikopo ya aina hii inaitwa kausha damu, wengine huiita mikopo umiza. Mdogo wangu alifariki, mshahara wake wa mwisho ukaingia, na ukatolewa kwenye mashine marehemu akiwa kaburini. Baadaye mtu huyo akaja nyumbani na karatasi ya daftari inayosema marehemu aliweka kiwanja dhamana. Sikugombana naye. Nikamwambia deni lake nitaliandika kwenye Fomu Na. 5 kama mengine, ila nahitaji mkataba, hesabu ya alichokwisha kutoa kwa kadi, na namba ya leseni yake, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna yake awe na leseni ya Benki Kuu. Akasema ameiacha nyumbani, atarudi nayo. Bado tunamsubiri, na kadi bado anayo.

Wa tano hakuja kabisa, alituma ujumbe. Mdogo wangu aliwahi kukopa kupitia programu ya simu, hela ndogo ya ada. Wiki chache baada ya mazishi, watu waliokuwa kwenye orodha yake ya namba, mwalimu mkuu akiwemo, imamu akiwemo, na mimi dada yake, tukapokea ujumbe wenye jina lake na picha yake ukisema ni tapeli aliyetoroka na fedha, tumwambie alipe. Imamu alimjibu kwamba yeye ndiye aliyemswalia. Ujumbe ukarudiwa kesho yake.

Najua ofisi yako haikulala, Gavana. Mwaka 2024 mlitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijiti, na Novemba mwaka huohuo mkatangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila kibali. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Marehemu hana tena simu ya kulalamikia, lakini sisi tuliokuwa kwenye orodha yake tuko hai, namba ni zetu, na hatukumkopa mtu. Kinachokosekana ni kauli moja iliyo wazi kuhusu kifo: mkopaji akifa, mkopeshaji afanye nini, asifanye nini. Mkopo una kanuni za namna ya kuutoa, namna ya kuueleza na namna ya kuudai kwa mtu aliye hai. Kwa aliyekufa kila afisa anajitungia.

Wenye benki watakuwa na majibu yao, na baadhi ni ya kweli. Wapo ndugu wanaoficha msiba wakaendelea kutoa fedha za marehemu. Wapo wanaouza pikipiki ya marehemu kabla ya tanga kuondolewa, halafu mdai akija wanamwonyesha nyumba tupu. Wapo wanaoghushi hati za vifo. Hayo nimeyaona kwa macho, mengine kwenye ukoo wetu wenyewe. Lakini siku ya kukopesha, benki inaithibitisha namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya mkopaji kwa muda mfupi kuliko kunywa chai. Vifo vinasajiliwa RITA. Kama mashine zinaweza kusema mtu huyu yuko hai na anafaa kukopa, zinaweza pia kuulizwa kama amekufa, na familia ikapunguziwa safari na mdai akapunguziwa hofu ya kutapeliwa. Hilo linahitaji ofisi zenu tatu kukaa meza moja na RITA, sidhani kama linahitaji bunge.

Ninachoomba kwa sasa ni kidogo kuliko hicho. Riba na faini zisimame tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha kifo, hadi msimamizi athibitishwe. Mtu hawezi kutozwa faini ya kuchelewesha rejesho kwa sababu amekufa, na wafiwa hawawezi kuharakisha mahakama. Katika muda huo mdai awasiliane na familia kwa barua tu, na barua hiyo iseme waziwazi kwamba mwenza na watoto hawawajibiki kwa mali zao binafsi, labda kama walisaini udhamini.

Kabla mkopeshaji hajadai hata shilingi moja kwenye mirathi, aonyeshe kwa maandishi kama mkopo ulikatiwa bima au la. Kama ulikatiwa, ataje kampuni, namba ya bima na tarehe aliyopeleka madai. Kazi ya kudai bima iwe yake, yeye ndiye mwenye mkataba na ndiye anayelipwa. Akichelewa yeye, hasara iwe yake, isirudi kwa mirathi. Kamishna, nadhani hili la mwisho likiandikwa peke yake, hayo mengine yatakuja yenyewe. Siku benki itakapojua kwamba kuchelewa kunaigharimu, afisa mikopo atampigia mjane kumkumbusha cheti cha kifo. Na kila mkopaji akatiwapo bima apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kwenda nao nyumbani, wenye namba ya bima na maneno "ukifa, familia yako ilete hiki".

Mkopeshaji asiye na leseni asipewe nafasi ya kushika kiwanja wala kadi kwa karatasi ya daftari. Mahakama za Mwanzo zielekezwe kumuuliza leseni kabla ya kumsikiliza madai. Na wenyeviti wa mitaa, ambao ndio husaini kama mashahidi kwenye karatasi hizi, waambiwe wanachosaini.

Nimeandaa rasimu ya fomu, nimeiita Taarifa ya Kifo cha Mkopaji. Upande wa juu unajazwa na familia: jina, namba ya NIDA, namba ya cheti cha kifo, jina la msimamizi kama ameshateuliwa. Upande wa chini unajazwa na mkopeshaji ndani ya siku kumi na nne: salio la siku ya kifo, dhamana, wadhamini, bima, na kilichokwishalipwa na yeyote baada ya kifo. Ni ukurasa mmoja. Nimeuambatanisha na nakala za barua hii nilizozileta kwa mkono kwenye masjala zenu, na muhuri wa kupokelewa ninao. Mahali penye makosa rekebisheni, mimi si mwanasheria. Ila sehemu ya bima msiifute.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa mirathi,
Morogoro

Nakala: Meneja wa tawi. Rejea barua yangu ya kuomba fedha za wifi zirejeshwe.